Umekuja kutoa pole au kupeleleza?

Wapo watu, msomaji wangu, wakifika msibani hawajakaa sawasawa kwenye mkeka, pole yenyewe haijawatoka vizuri mdomoni, tayari wameshamwinamia mfiwa sikioni: "Kwani alikuwa anaumwa nini?"

Akijibiwa presha, mtu anatikisa kichwa kama daktari bingwa. "Presha tu? Mbona alikonda vile?" Ebo! Wewe umekuja kuhani au umekuja kuandika ripoti ya hospitali?

Mwambie hiyo si adabu uone atakavyokurukia. "Kuuliza si ujinga, bwana!" Sawa, si ujinga. Lakini methali hiyo ni ya mwanafunzi darasani na ya mgeni aliyepotea njia Kariakoo. Mtu aliyefiwa na mama yake jana usiku si mahali pa kuifanyia mazoezi.

Nawapa mkasa wa kwetu. Mama yangu mkubwa alifariki huku Tandika, akamwacha dada yangu, mtoto wake wa pekee, ambaye posa yake ilikuwa imeshapokelewa na mahari imeshapangwa. Aliyemuuliza wa kwanza alimwambia presha. Wa pili akamwambia sukari, maana mama alikuwa nayo vilevile. Wa tatu, wa nne, wa tano... dada wa watu siku mbili hajalala, akasema basi tu, "Homa, mama."

Jioni akina mama wanachagua mchele uani, majibu yakakusanywa. Huyu kaambiwa presha, yule sukari, yule homa. "Mbona hayafanani? Hapa kuna kitu kinafichwa!" Siku ya tatu tunamaliza matanga, mtaa mzima una jibu la nne ambalo hakuna mtu aliyelitoa. Mnalijua, sina haja ya kulitaja.

Arobaini haijafika, wazee wa upande wa mume wakatuma mtu. Eti tuwe na subira kwanza. Subira hiyo ndiyo imeendelea mpaka bwana akaoa kwingine. Dada yangu alizika mama na ndoa kwa mpigo, kisa watu wanajua kuuliza.

Najua sasa hivi unachotaka kujua: haya, mama mkubwa aliumwa nini hasa? Unaona! Na wewe umo!

Ugonjwa huu wa kuulizauliza haukuanza jana. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na kule watu wakaupachika ugonjwa jina la Juliana. Miaka ya tisini mitaani ikawa "ngoma", ikawa "miwaya", ikawa "kaukwaa", na kila jeneza likawa linatazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 2021 tukasikia "changamoto ya upumuaji", minong'ono ileile ikarudi mkekani. Magonjwa yanapokezana, swali halibadiliki.

Sheria yetu ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka mtoa huduma wa afya atunze siri ya mgonjwa wake. Sasa kama daktari aliyemtibu anatakiwa anyamaze, wewe jirani wa nyumba ya tatu nani kakupa faili?

Mshikaji wangu mmoja kanibishia. Je, kama ni kipindupindu, majirani wasijue wakajikinga? Wajue, tena haraka! Lakini kwa hilo yupo bwana afya na yupo mjumbe, watapita nyumba kwa nyumba. Hakuna bwana afya anayefanya kazi yake kwa kumnong'oneza mfiwa sikioni.

Na hii ya simu nayo! Mtu anampiga picha mfiwa anagaragara, kanga imemvuka, anairusha WhatsApp hapohapo. Kumbe kaka wa marehemu yuko njiani kwenye basi, kaambiwa tu "mama anaumwa, njoo." Anaupata msiba kwenye status, peke yake, katikati ya abiria.

Kwa hiyo ukifika msibani ufanyeje? Wazee walishaturahisishia. "Poleni na msiba." "Tumeshapoa." Imetosha! Baada ya hapo tafuta kazi. Shika ndoo, menya vitunguu, saidia kufunga turubai, toa mchango wako uandikwe kwenye daftari. Huna pesa wala nguvu? Kaa. Kukaa tu na mtu ni ubani mkubwa. Mfiwa akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, pengine saa nane usiku wageni wameshaondoka, na hapo ndipo masikio yako yana kazi.

Na wewe uliyefiwa, usijione una deni la maelezo. Akikuinamia mpelelezi, mjibu, "Siku zake zilifika, dada," kisha muombe akakuletee maji ya kunywa. Wakiwa ndugu wengi, kubalianeni jibu moja mapema, tena mumteue shangazi mmoja mkali ndiye awe msemaji. Nyumbani kwetu tulilifanya hilo kwenye msiba uliofuata, na wapelelezi walikula ubwabwa wao kimyakimya wakaaga mapema.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.