Ukisikia Mtu Anasema Anapenda, Uliza Nani Analipa

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi wale wa kuandika jumbe ndefu Siku ya Wapendanao. Mtu anayejua kuongea vizuri kuhusu mapenzi si lazima awe anapenda. Na yule anayekwama akiambiwa aseme si lazima awe na moyo wa jiwe. Hii sijaitoa kwa washauri wa ndoa wa intaneti. Nimeitoa kwa tamthilia mbili za Shakespeare na hotuba moja ya mahakamani. Twende polepole.

Anza na King Lear. Mfalme mzee, mabinti watatu, anataka kugawa nchi akiwa bado hai. Badala ya kugawa tu yaishe, anaweka mashindano: kila binti asimame mbele ya watu aseme anampenda baba kiasi gani, na aliyependa zaidi apate zaidi. Hebu fikiria. Huo ni mnada. Goneril anasema anampenda kuliko macho yake na uhuru wake. Regan anasema dada amejaribu lakini hajafika, mimi nimempita. Kila mmoja anapewa kipande chake. Cordelia, kitinda mimba, anakataa kuingia mnadani. Anasema anampenda baba vile binti anapaswa kumpenda mzazi, si zaidi, si pungufu. Tena anauliza: kama mapenzi yote ya dada zangu ni ya baba, waume wao waliwaolea nini?

Watu wengi wakifika hapo wanasema Cordelia ni mkaidi, angetoa tu neno moja tamu mzee afurahi. Naelewa. Lakini piga hesabu. Maneno ya Goneril yalimgharimu nini? Hakuna. Yalimletea ardhi. Maneno ya Cordelia yalimgharimu urithi wote. Alikuwa na wachumba wawili wakingoja, na mmoja, yule wa Burgundy, alijitoa hapo hapo aliposikia binti hana mali ya kuja nayo. Kent alijaribu kumtetea, naye akafukuzwa nchini. Unajua Kent alifanya nini? Alijibadilisha sura, akarudi kumtumikia mzee yule yule aliyemfukuza, bila jina, bila kupigiwa makofi.

Mwishowe wale wasemaji wawili wanamfungia baba yao mlango usiku wa dhoruba. Anayevuka bahari na jeshi kuja kumtafuta ni yule aliyeshindwa kusema. Na Lear anapomwambia kwamba yeye ndiye mwenye sababu ya kumchukia, Cordelia anajibu kwa maneno machache sana kwamba sababu hiyo haipo. Nikiambiwa nichague jibu moja la mapenzi katika tamthilia nzima, ni hilo. Halina tashbihi hata moja. Na alikuwa nazo sababu, tele.

Sasa utaniuliza, kwani wenye maneno matamu wote ni waongo? Hapana. Hapo ndipo Julius Caesar inanisumbua. Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, akaipitia tena ikatoka upya 1969, kwa hivyo usiniambie Kiingereza chake ni kigumu.

Brutus ameshiriki kumuua rafiki yake, anaenda kueleza umati kwa nini. Anaongea kwa nathari, hoja zimepangwa kama za wakili. Anasema alimpenda Caesar lakini aliipenda Roma zaidi. Watu wanakubali. Kisha Antony anaingia na maiti, anaongea kwa ushairi. Anamwita Brutus mtu wa heshima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka sifa yenyewe inageuka tusi bila kubadilika hata herufi. Anataja wosia halafu anakataa kuusoma, mpaka watu wamlilie ausome. Anawaonyesha vazi lililotobolewa na visu. Mwisho anausoma: kila raia ameachiwa drakma 75. Watu wanaondoka wakitafuta nyumba za kuchoma.

Je, Antony alimpenda Caesar? Ndiyo. Alipoachwa peke yake na maiti, kabla ya umati wote huo, aliomboleza na kumwomba msamaha. Hakukuwa na mtu wa kumwona. Lakini endelea kusoma. Tendo la nne linafunguka akiwa na Octavius na Lepidus, wanatia alama majina ya watu wa kuuawa, mpwa wake mwenyewe akiwemo. Halafu anamtuma Lepidus akalete ule wosia, waone vile watapunguza zile pesa. Pesa zile zile alizotumia kuwasha moto mjini! Hiyo ndiyo inanitisha. Machozi yalikuwa ya kweli, na bado yaliuzwa.

Mkenya yeyote aliyewahi kukaa chini ya hema la matanga anamjua Antony. Mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anamlilia marehemu dakika mbili, zile ishirini zilizobaki ni za siasa. Familia imekaa hapo mbele na picha kwenye fremu. Sisemi mheshimiwa hana uchungu. Nauliza tu, huo uchungu unamlipa nani?

Sasa linganisha na Nelson Mandela. Tarehe 20 Aprili 1964, katika kesi ya Rivonia kule Pretoria, alisimama kizimbani akaongea karibu saa tatu. Mawakili waliogopa ule mwisho, kwa sababu alikuwa anamwambia jaji waziwazi kwamba ndoto ya nchi ya watu walio sawa ni kitu ambacho yuko tayari kukifia, na hukumu ya kifo ilikuwa inawezekana kabisa. Akausema hivyo hivyo. Juni akafungwa maisha. Siku aliyotoka, 11 Februari 1990, alisimama Cape Town akamalizia hotuba na maneno yale yale ya 1964. Hayakuwa yamebadilika. Yalikuwa yamelipiwa.

Kwa nini hii yote inanikera hivi? Juu mimi hula kwa maneno. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, sasa kazi yangu ni video. Juzi kampuni fulani ilitaka video ya Siku ya Baba: nikae na mzee wangu, nimwambie vile nampenda, nitoe machozi kidogo kama yatakuja, chupa yao ya chai ikiwa mezani. Shilingi elfu kumi na tano. Kwangu hiyo ni kodi ya miezi miwili.

Mzee wangu ni fundi wa mawe huko nyumbani. Sijawahi kumsikia akitamka neno upendo. Lakini akinitumia mia tatu kwa M-Pesa, anatuma na ya kutoa. Hata mwezi mbaya, ya kutoa haikosi.

Nikampigia, nikamweleza. Akanyamaza kidogo.

"Na hizo pesa wanampa nani?"

"Mimi, baba."

"Basi wewe ndio useme. Mimi sina la kuongeza."

Nilicheka, kisha nikaandikia kampuni kwamba video haitakuwepo. Kodi natafuta kwingine. Na usifikiri ningeigiza. Ningelia kweli kweli, kamera ikiwa imewaka na chupa ikionekana vizuri. Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kwa hivyo ukifungua tamthilia, ama ukisikiliza hotuba za kuelekea 2027, ama ukitumiwa ujumbe mrefu saa sita usiku, usipime utamu peke yake. Angalia baada ya kusema, huyu amepoteza nini, na amepata nini. Nyoka hutolewa pangoni kwa maneno matamu, na aliyemtoa huwa na haja yake.

Na kama kwenu kuna Cordelia, mtu wa ya kutoa, tafadhali usimwekee mnada.