Hesabu ya Uchumba

Katika maisha ya ualimu mtu huulizwa maswali mengi, lakini ni machache yanayomkosesha usingizi. Mojawapo niliulizwa na kijana niliyemfundisha chuoni, ambaye alikuwa mwalimu huko Geita. Alimchumbia binti wa Shinyanga ambaye mdogo wake ana ualbino. Wazee wa kijana wakakataa. "Mwalimu," akaniuliza, "wana haki?"

Tuanze na elimu. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Kila mmoja huweza kubeba jeni iliyojificha, naye mwenyewe asionekane na dalili yoyote. Wakikutana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Basi mume anayemfukuza mkewe akidai amezaa na Mzungu, anaikana damu yake mwenyewe.

Hukadiriwa kuwa Mtanzania mmoja katika 1,400 ana ualbino. Ukipiga hesabu, wabebaji ni karibu mmoja katika kila watu 20. Yule binti ana nafasi mbili katika tatu za kuwa mbebaji. Kijana, ambaye ukoo wake haukuwahi kuwa na mwenye ualbino, ana moja katika 20. Zidisha, pamoja na ile robo: moja katika 120. Tukimkataza kila mbebaji kuoa, darasa la watoto 40 litatoa wawili wa kukatazwa, nasi hatuwajui.

Lakini kijana aliogopa panga kuliko jeni. Kanda ya Ziwa, wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta dhahabu na utajiri. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto wa kiume. Watoto wengine walipelekwa Buhangija, Shinyanga, wakalelewa mbali na wazazi wao. "Je, ni haki kumleta mtoto mahali kama hapa?"

Nilimwambia kwamba mwenye kosa ni mwindaji, wala si mzazi. Ualbino wenyewe wataka kofia, shati la mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua na dawati la mbele karibu na ubao. Hayo twaweza kuyatoa. Wazee wana haki ya kuuliza, ila hawana haki ya kumhukumu binti kwa hofu. Anayeoa akijua, hujiandaa. Na mtoto akizaliwa, atamkuta baba yuko mlangoni.

Hesabu nilimpa. Uamuzi niliwaachia wao wawili.