Tumbe, Mji wa Kutunga

Gari ya Konde hutoka Chake Chake ikipanda na kushuka vilima, na ukiwa msimu, nyua za watu zimetandazwa majamvi ya karafuu. Mgeni huona kiungo. Mpemba anajua kuwa ni ua, tena ua lililochumwa kabla halijafumbuka. Tufani ya 1872 ilipong'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ua hilo ndilo lililoifanya Pemba kuwa shamba kuu la karafuu.

Nikateremka njia panda, nikaelekea pwani. Soko la samaki la Tumbe, Wilaya ya Micheweni, lina sifa kisiwa kizima, na ukitaka kulijua uwahi asubuhi. Vyombo vinaingia, samaki wanamwagwa mchangani, mnadi anapaza sauti, na bei imeshapanda hujajua nani kasema nini. Changu na tasi hupitishwa ukindu mashavuni, wakawa mtungo wa kuning'inia mkononi. Hapo ndipo neno kutunga lilipoanza kunifuata.

Lilinifuata hadi mashambani. Huko wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifukua kijiji kikubwa cha karne ya 7 hadi ya 10, cha nyumba za udongo, ambacho watu wake walikula mawele zaidi kuliko wali. Miongoni mwa walivyovikuta ni maelfu ya vigae vilivyochimbika vijifereji. Juu ya vigae hivyo wanakijiji walisugua vipande vya kombe mpaka vikawa shanga. Kijiji kilihamwa, na baadaye ukainuka mji wa Chwaka jirani, wenye msikiti wa mawe na makaburi ambayo wenyeji huyataja kwa jina la Haruni. Lakini mimi nilibaki na zile shanga. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mtu wa hapa alikaa kivulini akitunga.

Alasiri nikamkuta mrithi wake. Bibi mmoja alikuwa uani, kikapu cha asumini mapajani, sindano mkononi. Nikamwamkia, nikauliza mbona amechuma maua yaliyofumba.

"Usingoje lifumbuke, mjukuu wangu," akasema. "Likifumbukia mtini, harufu yake imekwenda na upepo."

London wana Maonyesho ya Maua ya Chelsea kila Mei, na waamuzi wa kutoa medali. Tumbe maonyesho ni harusi. Jopo la waamuzi ni mashangazi wa pande mbili, na hawana huruma. Nao hawahukumu kazi ya mtu mmoja. Mwenye mti huleta asumini, mwenye macho hutia uzi sindanoni, mwingine hufunga kikuba kwa mrehani na mkadi, na watoto huokota yaliyodondoka. Huku mikono ikienda, hutengenezwa pia mambo ya mtaa: nani mgonjwa, nani kajifungua, zamu ya nani kukopa kwenye kikundi.

Bustani za uani haziishii kwenye manukato. Mradi wa Viungo, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na Community Forests Pemba pamoja na wenzao wawili, TAMWA Zanzibar wakiwemo, uliwashika mkono wakulima wa Unguja na Pemba, wanawake kwa vijana, katika kilimo cha mboga, matunda na viungo. Nyuma ya asumini ya bibi, mchicha ulikuwa umeshamiri.

Pemba ni nchi ya washairi Kamange na Sarahani, na hao nao kazi yao tunaiita kutunga. Kiswahili kimewapa mvuvi, fundi wa shanga, bibi wa asumini na mshairi kitenzi kimoja. Sikuona ajabu yake mpaka nilipofika Tumbe.

Magharibi ikikaribia nilipanda gari ya kurudi. Abiria wa mbele alikuwa na mtungo wa changu, mimi wangu wa asumini, zawadi ya bibi, maua bado yamefumba. Tulipoingia Chake usiku, yalikuwa yamefumbuka yote, na hakuna aliyelalamikia samaki.