Saheli, Pwani ya Mchanga

Leo tutembee pamoja katika Saheli, yaani nchi zinazopakana na jangwa la Sahara upande wa kusini, toka Senegali hata Sudani. Jina hilo la Kiarabu maana yake ni pwani. Nalo ni ndugu wa jina la Kiswahili chetu. Lakini pwani hiyo yatazama mchanga, si maji.

Mvua ya huko hunya miezi michache tu. Ikikosa, nyasi hukauka, kisha visima. Akina mama huenda mbali zaidi kuteka maji. Mwishowe watu hula mbegu zao, na mvua ikirudi hawana cha kupanda. Katika ukame wa miaka 1968 hata 1973, ng'ombe wengi walikufa kando ya visima virefu: maji yalikuwapo, lakini makundi yalisongamana hapo hata majani yote yakaisha.

Tarehe 10 Mei 1980, akiwa Ouagadougou, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwaombea watu hao msaada mbele ya dunia yote; mwaka 1984 akaanzisha shirika la kuwasaidia.

Nao wenyewe hawakukaa bure. Kule Yatenga, katika Burkina Faso, wakulima huchimba vishimo wakati wa kiangazi na kutia samadi ndani. Vishimo hivyo, viitwavyo zai, hushika mvua ya kwanza isipotee. Sisi wenye mito mingi tujifunze kwao: maji ni zawadi ya Mungu, kuyatunza ni kazi yetu.