Ramli ya Sajini

Mwaka 1994, Mawengi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, jirani yetu mwenye jenereta alipata mkanda wa video wa filamu ya Kifaransa, Fanfan la Tulipe, aliyoiongoza Christian-Jaque mwaka 1952. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza Kifaransa kidogo, nilipewa kazi ya kuwafasiria watu. Baba alikaa mbele, fimbo mkononi.

Fanfan, anayechezwa na Gérard Philipe, ni kijana anayekimbia ndoa ya kulazimishwa. Msichana mmoja anamsoma kiganja na kumtabiria kwamba akiingia jeshini atamwoa binti wa Mfalme Louis wa 15. Kijana anakubali. Kumbe msichana ni binti wa sajini anayeandikisha askari, na ramli ile ni chambo tu.

Watu walicheka mpaka machozi. Baba hakucheka. Alisema taratibu, "Mimi niliahidiwa baiskeli."

Mwaka ule ule filamu ilipotengenezwa, Baba alipanda lori kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, akawa mmoja wa manamba. Kipande chake hakikulipwa mpaka siku 30 za kazi zijae, na siku ya homa haikuhesabiwa. Alirudi na blanketi moja. Sisi watoto tulikua tukimtania kwa blanketi lile, tukidhani fedha alizitapanya mjini. Hakuwahi kujitetea.

Fanfan alipigana juu ya mapaa, akaponea chupuchupu kunyongwa. Mwishoni mfalme anamfanya yule msichana mwanawe wa kulea, Fanfan anamwoa, na uongo unageuka kweli. Watu wakapiga makofi. Baba akainuka. "Yeye alikutana na mfalme," alisema. "Sisi tulikutana na mnyapara."

Asubuhi alimwita mdogo wangu, aliyekuwa ameshafunga mzigo ili amfuate mtu aliyemwahidi kazi nzuri mjini. Hakumkataza. Alimwuliza tu, "Mwanangu, mshahara wako umeandikwa wapi?" Mdogo wangu akaenda kumwuliza yule mtu. Jioni akafungua mzigo wake.

Baba sasa ni marehemu. Filamu ile naipenda bado, na panga zikianza kugongana hucheka kama wengine. Lakini pale kijana anaponyosha kiganja chake huwa nanyamaza, maana namwona Baba amesimama kando ya lori, akiwaza baiskeli.

Blanketi lake ninalo mimi. Simruhusu mtu kulicheka.