Sindano ya mifupa ambayo haifiki Pepa

Pepa, katika milima ya Marungu, maji yako bondeni na nyumba ziko juu. Mama mzee anapanda na bidoni kichwani, njia imelowa, anateleza, anatanguliza mkono. Kifundo cha mkono kinavunjika. Wakati wa mvua hilo si jambo geni. Watoto wanamuita muunga mifupa wa kijiji, anamfunga vijiti vya mwanzi na kitambaa, na kungojea kunaanza.

Kwa mtu mwenye nguvu, mfupa wa kifundo unashika kwa majuma 6 hivi. Kwa mzee inaweza kupita hapo. Na kwa familia iliyokimbia kijiji chake, kila juma lina bei yake. Mkono uliovunjika haulimi, hautwangi sombe, haubebi mjukuu siku watu wanapokimbia tena. Toka mwaka 2016, fujo za Watwa na Waluba zilipowaka katika jimbo la Tanganyika, wazee wengi wamejifunza kwamba kuweza kutembea na kubeba ndiyo kuweza kuishi.

Basi si ajabu kwamba habari ya sindano ya homoni, inayounga mifupa ya wazee haraka, inasikilizwa kwa hamu. Habari hiyo si uongo mtupu, ila imepunguzwa sehemu yake kubwa.

Dawa yenyewe inaitwa teriparatide. Imetengenezwa kwa kufuata homoni ambayo kila mtu anayo. Shingoni, nyuma ya tezi la koo, kuna tezi ndogo nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kulinda kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikipungua, tezi hizo zinatoa homoni, na homoni inakwenda kuichukua mifupani, kama mtu anayefungua ghala wakati wa njaa. Ikiendelea hivyo usiku na mchana, mifupa inakonda.

Hapo ndipo jambo lenyewe linashangaza. Homoni ile ile ikichomwa kidogo, mara moja kwa siku, kisha ikatoka mwilini kwa saa chache, inafanya kinyume: inaamsha chembe zinazojenga mfupa. Mkulima wa maharage wa Marungu hatapata shida kuelewa. Mvua inayopita na kukatika inaotesha. Isiyokatika inaozesha mizizi. Maji ni yale yale.

Marekani iliruhusu dawa hiyo mwaka 2002, lakini kwa ugonjwa wa mifupa kukonda, ule unaowashika hasa wanawake baada ya kukoma hedhi. Haikuruhusiwa kwa kuharakisha mfupa uliovunjika. Kwa hilo, waganga wamejaribu, na majibu hayakufanana. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, kilitoa habari ya wagonjwa 145 ambao mifupa yao ilikuwa imekataa kuunga. 93 kwa kila 100 walionekana kupona vizuri na kupungukiwa na maumivu baada ya majuma 8 mpaka 12 ya sindano. Hesabu inapendeza, lakini hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa dawa ili kulinganisha, na kuna mifupa ambayo ingeunga tu ikiachiwa muda.

Mwaka huo huo yalitoka majibu ya wanawake 102 waliovunjika kifundo cha mkono, sawasawa na mama wa bidoni. Waliochomwa sindano isiyo na dawa waliunga kwa majuma 9 hivi. Waliopata dozi ndogo, majuma 7 na kidogo. Waliopata dozi mara mbili yake, karibu 9 tena. Kwa hiyo wanaosema kwamba dawa nyingi ndiyo nguvu wanakosa. Na faida yenyewe, pale ilipoonekana, haikufika majuma 2. Kwa wazee waliovunjika shingo ya mfupa wa paja, majaribio yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha faida.

Halafu kuna njia ya kuifikisha. Sindano ni ya kila siku, kwa miezi. Inatunzwa kwenye frigo, kati ya digri 2 na 8, baridi ile ile inayohitajiwa na chanjo za watoto, na wote wanajua jasho linalotoka ili baridi hiyo isikatike mlimani. Bei yake Marekani imewahi kupita dola elfu moja kwa mwezi. Familia inayolala chini ya turubai haina hata sababu ya kuhesabu.

Hilo linaumiza. Lakini linaloumiza zaidi liko karibu, na halihitaji frigo. Mtu anayetafuta "homoni ya mifupa" anaweza kuuziwa homoni nyingine kabisa: deksametazoni au prednisoloni. Hizo ni dawa za kweli, na muganga anazitumia kwa magonjwa ya kweli. Zinatuliza maumivu, zinapunguza uvimbe, zinaleta hamu ya kula, na mzee anaona amepona. Zikitumiwa kwa muda mrefu, zinakondesha mifupa na kuchelewesha kupona. Yaani homoni inayojenga haifiki Pepa, na inayobomoa inauzwa kwa vidonge, bila karatasi ya muganga. Mzee ambaye amezimeza kwa majuma mengi asiziache ghafula. Aende kituo cha afya apunguziwe polepole, kwa sababu mwili unakuwa umezizoea.

Kinachosaidia mfupa wa mzee hapa kinajulikana. Ndagaa wakiliwa pamoja na mifupa yao wana kalsiamu. Maziwa yapo, maana ng'ombe wapo Marungu, ingawa mkimbizi huyanunua kwa franka ambazo hana. Maharage yanajenga mwili. Jua la asubuhi mikononi na usoni linasaidia. Tumbaku inachelewesha mfupa, na wazee wanaovuta kiko hawapendi kuambiwa.

Muunga mifupa naye asidharauliwe, mara nyingi yuko karibu kuliko muganga. Hatari yake ni kufunga kwa nguvu. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, vijiti vilegezwe saa ile ile na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Kungoja asubuhi kumewahi kugharimu watu mkono mzima. Na mfupa uliotoboa ngozi haufungwi kijijini: unafunikwa kwa kitambaa safi na mgonjwa anaondoka.

Nyonga ni jambo lingine. Mzee ameanguka, hawezi kusimama, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje: hapo hakuna kukanda, hakuna kumjaribisha kutembea, na hakuna sindano ya sokoni. Anahitaji hospitali yenye muganga wa kupasua, hata kama ni kushuka mpaka Moba na kuendelea kwa boti hadi Kalemie. Miguu yote miwili ifungwe pamoja, nguo laini katikati, alazwe kwenye machela, na mmoja wa familia abebe blanketi, maana usiku ziwani kuna baridi.