Safari ya Tongoni na Daftari Lililochanwa

Jumamosi moja baada ya Idi tuliwachukua wanafunzi wetu 11, wakubwa kwa wadogo, tukapanda gari la abiria kwenda Tongoni, mahali palipo yapata kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga kwa njia iendayo Pangani. Neno tongo maana yake ni mahame, na jina hilo lapafaa mno. Zamani pakiitwa Mtangata, na jina hilo limo katika habari za Wareno, ambao mwaka 1499 waliichoma meli yao moja, São Rafael, karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Lakini hatukwenda kwa ajili ya Wareno.

Twalikwenda kutazama kazi ya mikono ya Waislamu waliotutangulia. Pana gofu la msikiti, na kuuzunguka pana makaburi mengi ya mawe, na zaidi ya 20 katika hayo yalijengwa yakiwa na nguzo. Mahali pengine pa pwani hii pana makaburi ya nguzo, lakini hapana penye mengi kama Tongoni. Watu wa elimu ya mambo ya kale husema yalijengwa katika karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, na bahari nayo yasogea.

Tuliwaeleza watoto jinsi kazi ile ilivyokuwa ikifanywa. Tumbawe hutolewa baharini likiwa bichi, nalo kwa wakati huo ni laini, hukubali chombo cha mchongaji. Likisha kukauka huwa gumu. Basi mwashi hana budi kujua nakshi yake kabla ya kuanza, maana jiwe halimngoji. Tumbawe lingine huchomwa likawa chokaa. Na juu ya makaburi yale walipachika sahani na mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo, hata China. Vyombo vyenyewe vimekwisha kung'olewa. Yamebaki matundu ya duara, kama macho. Mwingereza Richard Burton alipofika mwaka 1857 alikuta kaburi moja lina kigae chenye maneno ya Kiajemi. Tuliona pia dalili za watu wanaokwenda kuomba haja zao makaburini, na kwa hilo tuliwaambia watoto yatupasayo kuwaambia, kisha tukapita.

Miongoni mwa wanafunzi wetu alikuwako kijana wa miaka 15, nasi jina lake tutalisitiri. Miezi michache nyuma tulimkuta akiandika mashairi pembezoni mwa daftari lake la fikihi. Tulighadhibika. Tukaichana karasa mbele ya wenzake, tukamsomea mwisho wa Surat Ash-Shuaraa, palipotajwa washairi na kufuatwa kwao na wapotevu, tukasimama kwenye aya ya 226. Aya ya 227, inayowatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema, hatukumsomea. Na ilhali sisi wenyewe twafundisha kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit! Tangu siku hiyo kijana alikuwa akihudhuria, akihifadhi, wala haulizi neno.

Pale Tongoni ndipo alipouliza. Alikuwa amekaa mbele ya kaburi moja, akipitisha kidole katika ukingo wa nakshi. Akasema, "Maalimu, aliyechonga hapa alikuwa nani?" Tukamjibu kwamba hakuandika jina lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na huyu, karasa yake hakuna aliyeichana?"

Hatukuwa na jawabu. Wenzake walitazama chini.

Wakati wa kurudi tukawashusha watoto Machui. Hapo ndipo alipozikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, katika sehemu hizi hizi, tarehe 1 Januari 1909, akafariki mwezi wa Juni 1962. Wengi wamjua kwa jina, wachache wajua maisha yake. Hakuwa mtu wa kukaa kivulini akingoja maneno yamjie. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944, kisha akafanya kazi katika idara nyingine za serikali, nyingine hapa hapa Tanga, na vitabu vyake vilitoka kwa mtu mwenye ajira na watoto wa kulea. Alipofiwa na mkewe aliwatungia wanawe tenzi mbili za mawaidha, mmoja wa binti yake na mmoja wa mwanawe wa kiume, na zote amezitia katika kitabu cha maisha yake. Alisoma vya wenzake pia: mwaka 1952 ilitoka tafsiri yake ya Omar Khayyam, aliyoitoa katika Kiingereza. Mvinyo utajwao humo hatuusifu. Lakini tulipokuwa tumesimama pale tulikikumbuka kile kigae cha Kiajemi, tukaona kwamba ushairi wa Waajemi ulikwisha kuwa na jamaa katika pwani hii kabla yake.

Na katika insha zake alifundisha kwamba ushairi, pamoja na vina, ni kusema mengi kwa maneno machache. Kwa kijana anayejaza daftari zima, hilo lafaa kujulikana.

Tulisoma Fatiha, tukaondoka. Njiani tulimwita yule kijana akae karibu nasi, tukamwomba radhi mbele ya wale wale walioona karasa ikichanwa. Haikuwa kazi nyepesi kwa mtu wa umri wetu. Kisha tukamsomea aya ya 227. Hakusema kitu. Gari lilipofika Tanga alitoa kipande cha karatasi mfukoni, kilichokunjwa mara nne, akatupa. Ubeti mmoja, wa kaburi lisilo na jina. Tulihesabu kwa vidole: mstari wa tatu, kipande cha pili, mizani 7 badala ya 8. Tulimwonyesha. Akakitwaa, akasema yeye ataitafuta ya nane, tusimwambie.